Kuwekewa lenzi ndani ya jicho: namba inaondoka, jicho refu linabaki

Wanaofika kliniki kuulizia upasuaji huu huja na swali moja: miwani naitupa lini? Lile wasilouliza ndilo linalokuja kuwapofusha, kwa hiyo humu limerudiwa makusudi.

Maiyopia kali ni ipi?

Ni kuona karibu na kutoona mbali kwa kiwango cha −6 na zaidi, yaani ile namba ya miwani. Jicho la kawaida la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. La maiyopia kali mara nyingi limepita 26, ndiyo maana picha inaishia njiani kabla ya kuifikia retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Mwenye −10 akivua miwani huona sawasawa mpaka sentimita 10 tu kutoka jichoni. Kupita hapo, hata namba ya daladala iliyosimama mbele yake ni ukungu.

Hiyo lenzi inakaa wapi?

Nyuma ya airisi, yaani lile duara lenye rangi, na mbele ya lenzi yako ya asili, ambayo haitolewi. Daktari hufungua tundu la kama milimita 3 pembeni mwa konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, huingiza lenzi laini ikiwa imekunjwa, nayo hukunjuka ndani. Ganzi ni ya matone, na jicho moja kwa kawaida halimalizi nusu saa. Upasuaji mwingine wa kuondoa namba, ule wa leza, hunyoa konea na ikishanyoa imenyoa. Lenzi hii inaweza kutolewa. Ndiyo sababu mwenye −12, au mwenye konea nyembamba, huelekezwa huku.

Nani anafaa?

Mwenye umri wa miaka 21 hadi 45, ambaye namba yake haijasogea zaidi ya 0.5 kwa mwaka mzima. Nafasi kati ya konea na lenzi ya asili inatakiwa iwe milimita 3. Wapo madaktari wanaokubali 2.8. Seli za ndani ya konea huhesabiwa pia, kwa sababu zikifa hazioti nyingine. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Mwenye glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho) au mtoto wa jicho ana ugonjwa wa kutibiwa kwanza.

Kijana wa miaka 18 ambaye miwani yake inapandishwa kila mwaka aendelee na miwani. Lenzi ina namba moja tu, haipandi pamoja na jicho.

Mbona vipimo ni vingi hivyo?

Kwa sababu saizi ikikosewa, tatizo linahamia ndani. Kati ya lenzi ya kupandikizwa na ile ya asili panahitajika uwazi wa kama robo hadi robo tatu ya milimita. Uwazi ukiwa mdogo mno, mtoto wa jicho anaweza kuanza mapema. Ukiwa mkubwa mno, airisi inasukumwa mbele, maji ya jicho yanakosa pa kutokea na presha ya jicho inapanda.

Kama unavaa lenzi za kubandika, zile laini zivue wiki mbili kabla ya kipimo, ngumu wiki nne au kadiri utakavyoambiwa. Wapo wanaozivaa mpaka asubuhi yenyewe kisha wanaapa kuwa walizivua siku nyingi. Konea iliyobonyezwa inatoa namba ya uongo, na namba hiyo ndiyo utakayowekewa jichoni.

Nikishawekewa, maiyopia imepona?

Hapana. Umeondolewa namba. Jicho bado lina milimita zake 27 au 28, na retina yake bado imevutwa na kukonda kama puto lililopulizwa sana. Inaweza kutoboka, kuchanika na kubanduka ukiwa unaona vizuri kabisa bila miwani.

Lakini sasa ninasoma mpaka mstari wa mwisho wa ubao wa herufi!

Ubao unapima uoni wa katikati. Retina huanza kuchanika pembeni, mahali ambapo ubao haufiki. Kwa hiyo jibu ni lilelile: hapana, haujapona. Retina ichunguzwe kabla ya upasuaji, ili matundu yanayohitaji leza yazibwe kwanza, na iendelee kuchunguzwa kila mwaka maisha yote, kwa matone ya kupanua mboni. Tunajua matone hayo yanakutia ukungu kwa saa kadhaa na huwezi kuendesha gari. Omba ruhusa kazini, njoo na mtu, lakini tafadhali usituambie "leo nina haraka" mwaka wa tatu mfululizo.

Baada ya upasuaji niangalie nini?

Saa za kwanza, jicho kuuma sana pamoja na kichwa na kichefuchefu ni dalili ya presha kupanda: rudi usiku huohuo, usimeze dawa ya maumivu ukalala. Siku zinazofuata, jicho likizidi kuwa jekundu, likiuma na uoni ukishuka, huenda vijidudu vya ugonjwa vimeingia ndani. Hilo nalo halingoji asubuhi. Usifikiche jicho. Maji ya bomba, ya baharini na ya udhu yasiingie jichoni mpaka daktari aruhusu.

Matone yenye steroidi yana ratiba ya kupunguzwa na tarehe ya kuacha. Kwenda na kichupa kitupu duka la dawa kuomba "kama hiki" kwa sababu kinaondoa wekundu ni njia ya uhakika ya kujitafutia glakoma. Wala usiazimane na jirani.

Na usiku?

Wengi huona duara kuzunguka taa za magari. Kwa kawaida hupungua. Ukifika miaka arobaini na kitu utahitaji miwani ya kusomea kama wenzako.

Tangu jana naona mimweko na vinzi vingi vyeusi, miadi yangu ni Jumatatu. Nisubiri?

Usisubiri. Njoo leo. Funika jicho moja, tazama ukutani, kisha la pili: kukiwa na kivuli au pazia upande wowote, retina huenda imeshaanza kubanduka. Haiumi, ndiyo maana watu hukaa nayo wiki wakidhani ni uchovu au vumbi. Kama kitovu cha retina bado kimeshika, upasuaji wa haraka unaweza kuokoa uoni wa kusomea; kikishabanduka, mara nyingi hata retina ikirudishwa uoni haurudi kama zamani. Upasuaji wa retina haupatikani kila mkoa, na safari nayo inakula muda. Ukifika mapokezi usiseme "macho yananisumbua" ukapangwa foleni ya miwani. Sema: "Nina maiyopia kali, nina lenzi ndani ya jicho, naona mimweko tangu jana," na utoe ile kadi ya lenzi uliyopewa siku ya upasuaji.