Je, wajua kwa nini msimamizi wa jukwaa haagizi chakula cha waigizaji?

Chama cha waigizaji wa maonyesho ya jukwaani nchini Marekani, Actors' Equity Association, kina maelezo ya kazi za msimamizi wa jukwaa ambayo, kwa sehemu kubwa, hayamshangazi mtu. Msimamizi huita mazoezi, hutunza nakala kuu ya mchezo yenye ishara zote za taa na sauti, husimamia nidhamu ya mazoezi na ya maonyesho, na huandika taarifa kila siku. Kinachoshangaza ni orodha ya mambo anayokatazwa. Hashughulikii mikataba, haandai orodha ya malipo wala hagawi mishahara, hatii saini barua ya kumwachisha mwigizaji kazi, hatii saini tangazo la kufunga onyesho. Katikati ya makatazo hayo mazito limekaa jingine, limetulia kana kwamba ni la uzito uleule: asishiriki katika kuagiza chakula cha kundi.

Mara ya kwanza nilipokutana na orodha hiyo nilidhani kuna mstari uliopotea njia kutoka waraka mwingine. Kosa lilikuwa langu, na lilianzia mbali zaidi ya chakula. Nilikuwa nimeamini kwa muda mrefu kwamba msimamizi wa jukwaa ni nyapara wa jumba la maonyesho, yaani jicho na sauti ya mwajiri mbele ya waigizaji. Imani hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ukimtazama akiwa kazini, ndiye anayeshika saa, ndiye anayeuliza kwa nini fulani amechelewa, ndiye anayemwambia mwigizaji mashuhuri kwamba mapumziko yamekwisha. Jina lenyewe la kazi yake lina neno la usimamizi. Mtu wa namna hiyo, nilijiambia, amesimama upande wa menejimenti, na sheria za chama cha wafanyakazi ni ukuta uliojengwa kumzuia yeye.

Mambo yako kinyume. Msimamizi wa jukwaa ni mwanachama wa chama hichohicho cha waigizaji. Analindwa na mkataba uleule wa pamoja anaousimamia, analipa michango kwenye chama kilekile, na zile dakika za mapumziko anazowahesabia wenzake ni haki ambayo chama chake mwenyewe kiliidai. Nchini Uingereza hali ni hiyohiyo: Equity ya huko, iliyoanzishwa mwaka 1930, nayo huwapokea wasimamizi wa jukwaa pamoja na waigizaji. Waliozaliwa pwani watakumbuka nafasi ya serahangi katika chombo cha baharini. Huwapigia mabaharia kelele tangu alfajiri, lakini chombo si chake, na bandarini hupokea ujira akiwa baharia kama wao.

Nilipoambiwa hivyo nilibishana kidogo. Nilisema kwamba mtu hawezi kuwa mwanachama na wakati huohuo akawa anayeripoti makosa ya wanachama wenzake kwa mtayarishaji. Hoja hiyo inaonekana kuwa na nguvu mpaka uulize taarifa ya msimamizi huandikwa nini. Huandika saa pazia lilipofunguliwa na saa lilipofungwa, urefu wa kila sehemu kwa dakika, nani alichelewa, nani aliumia, kifaa gani kiligoma. Lakini huandika pia kwamba mazoezi yalivuka muda kwa dakika 20, na kwamba mwongozaji ndiye aliyeomba iwe hivyo. Karatasi inayomshtaki mwigizaji aliyechelewa ndiyo hiyohiyo inayomfanya mtayarishaji alipe muda wa ziada. Anafanana na karani wa mizani, anayeandika kilo kwa usahihi huku akiwa hana ufunguo wa kasha la pesa. Uaminifu wa kilo hizo unatokana kwa kiasi kikubwa na ukweli kwamba ufunguo hana.

Historia ya jinsi mambo yalivyofikia hapo naweza kuipitia haraka. Actors' Equity ilianzishwa New York mwaka 1913, wakati waigizaji walipokuwa wakifanya mazoezi kwa wiki kadhaa bila malipo, mara nyingi wakijinunulia mavazi ya jukwaani, na ziara ikifilisika katikati ya safari waliweza kuachwa mji wa mbali bila nauli ya kurudi. Mwezi Agosti mwaka 1919 waligoma, na mgomo ulidumu kama mwezi mmoja kabla ya watayarishaji kukubali kutia saini. Kwa nini wasimamizi waliingia humo, na si kwenye chama cha mafundi wa jukwaa, IATSE, kilichokuwapo tangu mwaka 1893? Maelezo ninayoyaona yana mashiko zaidi ni kwamba katika majumba ya zamani mipaka ilikuwa hafifu. Msimamizi msaidizi mara nyingi alipewa nafasi ndogo ya kuigiza, au alikariri nafasi ya mwingine ili awe mbadala wake. Usiku mmoja alikuwa na saa mkononi, usiku uliofuata alikuwa amevaa ndevu za bandia. Hata hivyo haya ni maelezo ya mazingira tu, na nisingependa yachukuliwe kuwa ushahidi wa sababu moja.

Kinachostahili kutazamwa kwa utulivu ni saa yenyewe, kwa sababu hapo ndipo unapoona jinsi mtu mmoja anavyoweza kutumikia pande mbili bila kudanganya upande wowote. Mikataba ya Equity hutofautiana, lakini kanuni iliyozoeleka katika chumba cha mazoezi ni hii: baada ya kazi isiyozidi dakika 55, waigizaji hupewa mapumziko ya dakika 5, ama baada ya kazi isiyozidi dakika 80, hupewa dakika 10. Msimamizi huchagua pamoja na mwongozaji, na anaweza kuchagua upya kila mara.

Mtu anayeisoma kanuni hiyo kwa mara ya kwanza huidhania kuwa kengele ya shule, inayolia kwa wakati wake hata mwalimu akiwa katikati ya sentensi. Afadhali uifikirie kama njia panda. Katika dakika ya 50 hivi, msimamizi humwinamia mwongozaji na kumuuliza kwa sauti ya chini kama anataka kupumzika sasa au kuendelea. Akisema apumzike, deni ni dakika 5 na hesabu inaanza upya kutoka sifuri. Akiendelea, mara dakika ya 55 inapopita njia ya kwanza imefungwa nyuma yake. Deni limekwishakuwa dakika 10, na mwisho wake ni dakika ya 80. Mwongozaji anayezinduka dakika ya 62 na kutangaza kwa ukarimu kwamba watu wapumzike dakika 5 atarekebishwa, kwa heshima, na msimamizi: ni 10.

Hapa kuna dosari nyingine katika fikra za kawaida, na nakiri kwamba niliishiriki. Waongozaji wasio na uzoefu huamini kwamba kuendelea hadi dakika ya 80 huwapatia muda mwingi zaidi wa kazi. Hesabu inakataa. Dakika 55 na 5 hufanya saa kamili. Dakika 80 na 10 hufanya saa moja na nusu. Katika saa tatu, njia ya kwanza inatoa vipindi vitatu, yaani dakika 165 za kazi na 15 za mapumziko. Njia ya pili inatoa vipindi viwili, yaani dakika 160 za kazi na 20 za mapumziko. Anayesukuma mbele hupoteza dakika 5. Anachokipata badala yake ni mfululizo: onyesho refu la kifo au ugomvi halikatwi katikati, na waigizaji hawalazimiki kulipasha moto upya. Ni biashara halali, mradi tu mtu ajue kwamba ananunua, na kwa bei gani. Kumjulisha bei hiyo ni kazi ya msimamizi. Kuamua kununua si kazi yake.

Mfano wa karibu zaidi ni tangi la maji lenye boya. Boya halimkatazi mtu kuchota. Linaonyesha kiwango kilichobaki, na linaonyesha vilevile kwa mwenye nyumba na kwa mpangaji. Ila boya hili lina kauli. Msimamizi akitangaza, "Dakika tano," waigizaji hujibu, "Asante, tano." Jibu hilo ni desturi ya kazi zaidi ya kuwa sheria, na mgeni huliona kuwa adabu iliyopitiliza. Adabu imo, lakini kazi yake kuu ni kurudisha namba kwa aliyeitoa, ili asiwepo mtu wa kudai baadaye kwamba alisikia kumi.

Tabia hiyo ya kuhesabu huzaa vioja vyake. Marekani, msimamizi hutangaza "nusu saa" zikiwa zimebaki dakika 30 pazia lifunguliwe. Hapo ndipo kila mwigizaji anatakiwa awe ameweka alama mbele ya jina lake kwenye karatasi ya mahudhurio, kwa mkono wake mwenyewe. Aliyekosekana huanza kutafutwa kwa simu, na mbadala wake huambiwa akae tayari. Uingereza "nusu saa" hutangazwa zikiwa zimebaki dakika 35. Nilipolisikia hilo nilidhani ni tahadhari ya watu wanaojua tabia za wenzao. Sivyo. Waingereza hawahesabu hadi pazia. Huhesabu hadi wito wa wanaoanza, ambao huwataka waigizaji wa mwanzo wawe wamefika pembeni mwa jukwaa dakika 5 kabla ya pazia. Ukihesabu kutoka hapo, nusu saa ni nusu saa kamili, robo saa hutangazwa dakika 20 kabla ya pazia, na "dakika tano" hutangazwa zikiwa zimebaki 10. Mfumo hauna kosa hata moja, na humtatiza kila anayeingia ukumbini akiwa na saa nzuri mkononi.

Mpaka wa pili wa mamlaka ya msimamizi uko kwenye mikono yake. Onyesho likianza, yeye hutoa amri kupitia hedifoni yenye maiki: "Jiandae, taa 47," yaani ishara ya taa namba 47. Fundi hujibu kwamba yuko tayari. Kisha, kwa wakati wake, "Taa 47, nenda." Neno la kutekeleza hukaa mwisho kwa makusudi, kwa kuwa kidole cha fundi kiko juu ya kitufe na kitaifuata sauti hiyo hata kama ilikuwa sehemu ya mazungumzo mengine, kwa hiyo wenye nidhamu hulikwepa kabisa neno hilo wanapopiga soga. Msimamizi anayeweza kuzima nuru ya jumba zima kwa neno moja hatarajiwi kuendesha taa wala kuhamisha mandhari. Katika majumba makubwa ya New York, kazi hizo ni za wanachama wa IATSE, tawi la Local One, lililokuwapo tangu mwaka 1886. Wapiga muziki nao wana chama chao, na waongozaji wana chao. Kila chama kina mapumziko na saa zake za chakula, na katika siku za kuunganisha taa, sauti na uigizaji, ambapo mikataba mingi imeruhusu saa 10 za kazi ndani ya muda wa saa 12, msimamizi hujikuta akitunza saa kadhaa zisizolingana kwa wakati mmoja. Miaka ya karibuni baadhi ya majumba yameziacha siku hizo ndefu kwa hiari, na sijasikia wasimamizi wakizililia.

Turudi kwenye chakula. Ukiitazama tena ile orodha ya makatazo utaona kwamba vitu vyote vilivyomo ni vya aina moja. Mikataba, mishahara, barua za kufukuza na tangazo la kufunga ni mambo ambayo mwajiri humfanyia mwajiriwa. Chakula kinacholipiwa na kampuni ni hivyohivyo, hata kama ni mkate tu: kuna bajeti, kuna kuchagua nani apate nini, kuna lawama kikifika baridi. Hiyo ni kazi ya meneja wa kampuni. Sheria ya kazi ya Marekani, baada ya mabadiliko ya mwaka 1947, humwondoa kwenye ulinzi wa vyama mtu anayehesabiwa kuwa msimamizi kwa maana ya kisheria, na miongoni mwa alama zake ni mamlaka ya kuajiri, kufukuza na kuadhibu. Sidai kwamba makatazo ya Equity yaliandikwa kwa ajili ya kifungu hicho. Nasema tu kwamba mtu asiyeweza kutia saini barua ya kufukuza ana nafasi nzuri zaidi ya kubaki mwanachama, na kwamba mstari ukishachorwa, mkate huangukia upande mmoja wake.

Mstari huo huonekana waziwazi siku ya kwanza ya mazoezi. Kabla ya kusoma mchezo, muda hutengwa kwa shughuli za chama, na wasio wanachama wake hutoka nje, mtayarishaji na mwongozaji wakiwemo. Msimamizi hubaki ndani, na kwa kawaida ndiye anayeketisha watu. Halafu waigizaji hupiga kura ya siri kumchagua mjumbe atakayepeleka malalamiko yao kwenye chama, na jina la msimamizi haliwezi kupendekezwa, kwa kuwa baadhi ya malalamiko hayo yatamhusu yeye. Kura zikishahesabiwa, msimamizi hufungua mlango, humkaribisha mwongozaji, na kuandika kwenye daftari saa ambayo kazi imeanza.