Upasuaji wa mionzi: maana yake, na kwa nini matokeo yake husubiriwa miaka

Neno upasuaji humjia mtu akilini pamoja na kisu, damu na mshono. Upasuaji wa mionzi hauna hata kimoja kati ya hivyo. Mgonjwa hulazwa kwenye meza ya mashine akiwa macho, hukaa humo kwa dakika kadhaa au saa chache, hasikii chochote mionzi inapopita kichwani, na mara nyingi hulala kwake usiku huohuo. Hanyolewi nywele wala fuvu halifunguliwi.

Basi kwa nini uitwe upasuaji? Kwa sababu nia yake ni ileile ya daktari mpasuaji: kuishughulikia sehemu moja ndogo, kama uvimbe ubongoni, yenye mipaka inayoonekana, kwa mkupuo mmoja, na kuiacha nyama ya jirani salama. Hapo ndipo unapoachana na tiba ya mionzi ambayo wengi wetu tunaijua kupitia ndugu aliyeugua saratani, yaani kwenda hospitali siku baada ya siku kwa wiki kadhaa na kupewa dozi ndogo ndogo kwenye eneo pana. Kwenye upasuaji wa mionzi dozi ni kubwa, eneo ni dogo, na kwa kawaida siku ni moja. Wakati mwingine huwa ni siku tatu hadi tano.

Jina hili lilitungwa mwaka 1951 na Lars Leksell, daktari wa upasuaji wa ubongo huko Sweden. Miaka miwili kabla, alikuwa ametengeneza fremu ya chuma inayofungwa kichwani kwa skrubu ndogo. Mantiki yake ni nyepesi na nzuri mno. Ubongo umekaa ndani ya mfupa mgumu usionyumbulika. Ukiufungia mfupa huo fremu isiyocheza, kila nukta ndani ya ubongo inapata anwani yenye namba tatu: umbali wa kushoto au kulia, wa mbele au nyuma, na wa juu au chini. Leksell alitumia anwani hizo kuongoza sindano nyembamba. Kisha akawaza: mahali pa sindano, kwa nini nisipitishe mwale? Alianza na eksirei, akajaribu miale ya protoni pamoja na mwanafizikia Börje Larsson mjini Uppsala, na mwisho akatulia kwenye madini ya kobalti-60, yanayotoa mionzi gama. Mashine ya kwanza ilianza kutibu watu Stockholm mwaka 1968. Ilikuwa na vyanzo 179 vya kobalti vilivyopangwa kuzunguka kichwa, nayo ikaitwa Gamma Knife.

Siri ya mashine hiyo inaingia yote ndani ya methali yetu: haba na haba hujaza kibaba. Kila mwale peke yake ni dhaifu. Unapita kwenye ngozi, mfupa na ubongo bila kuacha madhara ya maana. Lakini miale yote imeelekezwa nukta moja, na hapo inapokutana, haba zinakuwa kibaba. Milimita chache nje ya nukta hiyo dozi inashuka kwa kasi, kama joto la jua linavyokuwa kali chini ya kioo cha kukuzia lakini mkono uliowekwa pembeni hauungui. Mashine za karibuni za aina hiyo zina vyanzo 192, na hulenga kwa kukosea chini ya milimita moja.

Kobalti ina tabia moja inayoziumiza hospitali zenye bajeti finyu: hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka mitano na kidogo. Mashine inapozeeka, mgonjwa inabidi akae muda mrefu zaidi ili apate dozi ileile, hadi vyanzo vibadilishwe, kazi ambayo ni ghali na yenye ulinzi mkali. Kwa sababu hiyo naona kwamba kwa nchi nyingi za Afrika njia ya pili inafaa zaidi, yaani mashine zinazozalisha eksirei kwa umeme bila kuhifadhi madini yoyote yenye mionzi. CyberKnife ni mojawapo. Iliasisiwa na John Adler wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambaye alikuwa amekwenda Sweden kujifunza kwa Leksell. Alichofanya ni kuiondoa fremu kabisa na kuiweka mashine kwenye mkono wa roboti.

Hatua hiyo ndiyo iliyofungua mlango kwa uti wa mgongo. Kichwa unaweza kukifunga fremu, lakini mgongo unapanda na kushuka kila mtu anapovuta pumzi. Roboti hupiga picha za eksirei tena na tena wakati matibabu yakiendelea, hulinganisha na picha za mwanzo, kisha hujirekebisha. Hata hivyo mgongo unabaki kuwa kazi ya roho mkononi, kwa kuwa ugwe wa neva uliomo ndani ya pingili ni mwembamba, na ndio unaobeba miguu, kibofu na haja kubwa. Ukiuunguza, mtu hatembei tena. Madaktari hutumia saa nyingi kwenye kompyuta wakiichonga dozi iizunguke ile sehemu bila kuugusa ugwe. Kenya ina mashine ya aina hii katika Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kando ya jiji la Nairobi, jambo kubwa kwa watu ambao zamani wangelazimika kuuza shamba ili wapande ndege.

Sasa, ndani ya mwili kunatokea nini? Hapa ndipo familia nyingi huchanganyikiwa, na kosa si lao. Neno upasuaji limewaahidi kitu ambacho hakitokei.

Mionzi haing'oi uvimbe. Inaharibu vinasaba vya seli zake, ili seli inapojaribu kugawanyika ishindwe na kufa. Uvimbe unaokua polepole una seli zinazogawanyika polepole, hivyo hata kufa kwake ni kwa polepole. Chukua uvimbe wa neva ya usikivu, ambao si saratani lakini huua sikio na kusukuma shina la ubongo. Hutibiwa kwa dozi ya grei 12 au 13 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mara moja, na kwa wagonjwa zaidi ya tisa kati ya kumi unaacha kukua. Angalia neno lenyewe: unaacha kukua. Picha ya MRI ya mwaka mmoja baadaye inaweza kuuonyesha upo palepale, pengine umevimba kidogo kuliko mwanzo, kabla haujaanza kusinyaa. Mgonjwa anaona picha hiyo na kulia kwamba fedha zimepotea, kumbe daktari anaisoma na kuridhika. Madaktari huita hali hii kudhibiti, na wanapaswa kuifafanua vizuri kabla ya mgonjwa kupanda mezani.

Mambo ni mazito zaidi kwa fundo la mishipa ya damu, ambalo ndilo kasoro ya mishipa inayotibiwa sana kwa njia hii. Kwa kawaida damu hutoka kwenye ateri yenye presha kubwa, hupita kwenye kapilari nyembamba zinazoipunguza kasi, ndipo huingia kwenye vena. Katika fundo hili kapilari hazipo. Ateri zimeunganishwa na vena moja kwa moja, ni kama bomba kuu la maji la mtaa lingechomekwa kwenye mpira wa bustani. Mpira unatuna, unajipinda, na siku moja unaweza kupasuka. Wengine hugundua wana fundo baada ya kuanguka kifafa, wengine kwa kichwa kinachouma bila kukoma, wengine siku damu inapovuja ubongoni. Kwa mwaka, uwezekano wa kuvuja ni kama asilimia 2 hadi 4, na huwa mkubwa kwa ambaye fundo lake lilishavuja.

Mwaka 1970 timu ya Leksell kule Stockholm ilianza kulitibu fundo la aina hii kwa mionzi. Dozi ya kama grei 20 ukingoni mwa fundo huijeruhi ngozi laini ya ndani ya mshipa. Jeraha hilo linapona kwa kuota kovu, kuta zinanenepa mwaka hadi mwaka, njia inakuwa nyembamba, mwishowe inaziba. Kazi yote hiyo huchukua miaka miwili hadi mitatu, wakati mwingine zaidi. Na katika miaka hiyo yote fundo linaweza kuvuja kama lilivyoweza kabla ya matibabu. Mtu ametibiwa, lakini bado hajalindwa. Sijui kama kuna tiba nyingine inayomtaka mgonjwa avumilie kiasi hiki.

Tena si kila fundo linaingia. Likiwa dogo, kama la sentimita 3 kwa upana au chini yake, uwezekano wa kuziba ni mzuri. Likizidi hapo, dozi inayotosha kuliziba ni dozi inayoweza pia kuunguza ubongo wa jirani, na mgonjwa akapata uvimbe wa maji au sehemu ya ubongo ikafa miezi kadhaa baadaye. Ndiyo maana tangu mwaka 1986 madaktari hupima mafundo kwa kipimo cha Spetzler na Martin, kinachotazama mambo matatu: ukubwa, kama liko kwenye sehemu nyeti kama ya lugha au ya mikono na miguu, na kama damu yake inamwagika kwenye vena za kina. Daraja la kwanza, lililo jepesi zaidi, mara nyingi ni la kisu. Daraja la tano, gumu kuliko yote, wengi huliacha.

Kuliacha? Ndiyo. Swali hilo liligawa uwanja mzima wa upasuaji wa ubongo kupitia utafiti ulioitwa ARUBA, uliochapishwa mwaka 2014. Watafiti waliwachukua zaidi ya watu 220 wenye mafundo ambayo hayajawahi kuvuja, wakawagawa kwa bahati nasibu. Wengine walitibiwa kwa kisu, kwa gundi inayopitishwa ndani ya mshipa, kwa mionzi au kwa kuchanganya, na wengine walipewa dawa tu za kupunguza dalili kama kifafa na maumivu. Katika wastani wa miezi 33, waliopata kiharusi au kufa walikuwa kama asilimia 31 kwa waliotibiwa na asilimia 10 kwa walioachwa na dawa. Utafiti ulisitishwa mapema.

Wapasuaji wengi waliupinga, na hoja yao ina uzito. Miezi 33 ni karibu muda uleule ambao mionzi inahitaji kuziba fundo, kwa hiyo hatari ya kutibu ilihesabiwa yote ilhali faida ilikuwa haijaanza kuonekana. Kijana wa miaka 25 mwenye fundo hahesabu miezi. Ana miaka hamsini mbele yake, na asilimia 2 kila mwaka hujumlika. Lakini matokeo ya mwisho yaliyotolewa mwaka 2020 yalielekea kulekule. Mimi nachukua hivi: ARUBA haikusema mafundo yasitibiwe. Ilisema kwamba fundo lisilowahi kuvuja lisikimbiliwe kwa sababu tu mashine ipo na daktari anajua kuitumia.

Kwa saratani iliyosambaa hadi kichwani kutoka kwenye titi au pafu, utafiti umeleta habari njema kuliko hizo. Zamani ubongo wote ulimwagiwa mionzi ili kukamata hata mbegu zisizoonekana. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 213 wenye uvimbe mmoja hadi mitatu. Waliopata upasuaji wa mionzi pekee walilinganishwa na walioongezewa mionzi ya ubongo wote. Baada ya miezi mitatu, waliopungukiwa na uwezo wa kukumbuka na kufikiri walikuwa asilimia 64 kwa kundi la kwanza na asilimia 92 kwa la pili, na hakuna kundi lililoishi zaidi ya jingine kwa tofauti ya maana. Mtu aliyebakiwa na muda mfupi anastahili kuwatambua wajukuu wake katika muda huo.

Kwa glioblastoma, saratani kali kuliko zote zinazoanzia ubongoni, njia hii haikufua dafu. Jaribio lililotangazwa mwaka 2004 liliiongeza juu ya tiba ya kawaida ya grei 60 kwa wiki sita, na wagonjwa hawakuishi zaidi. Uvimbe huo hauna mpaka. Seli zake zimekwisha tambaa mbali na pale panapoonekana kwenye picha, na mwale mkali hauna faida pale usipojua pa kulenga.

Kinachonipa hamu siku hizi kimetokea upande ambao Leksell hakuutazamia. Mwaka 2018 watafiti wa Toronto, Kanada, na wenzao wa Finland walichunguza vipande vya mafundo ya mishipa kutoka kwa wagonjwa 72. Ndani ya 45 walikuta hitilafu kwenye jeni, yaani kinasaba, iitwayo KRAS. Jeni hiyo inajulikana sana kwa watu wa saratani, kwa kuwa ikiharibika huchochea saratani ya kongosho, ya utumbo na ya mapafu. Kwenye sampuli za damu za wagonjwa hao waliopimwa, hitilafu haikuwepo. Maana yake, kwa wengi wao fundo halikurithiwa kwa mama wala baba, na si la kumtafutia mchawi. Ni seli za ukuta wa mshipa zilizoharibika baada ya mtoto kutungwa, zikaendelea hivyo.

Kumbe uvimbe na fundo, magonjwa mawili tuliyokuwa tukiyaweka chini ya mashine moja kwa sababu tu yote yako mahali pabaya, yana undugu wa ndani. Na kama ni ndugu, dawa ya mmoja inaweza kumgusa mwenzake. Trametinib, kidonge kinachotumika kwa saratani ya ngozi kwa kuzuia njia ileile ambayo KRAS huipitishia amri zake, sasa kinajaribiwa kwa watu wenye mafundo ya mishipa. Matumaini ya wengi ni kwamba fundo la sentimita 5, ambalo leo halitibiki kwa mionzi bila kuunguza ubongo, siku moja litapunguzwa kwa dawa hadi lifike kipimo ambacho miale inaweza kukutana ndani yake.