"Damu ya mama imebaki sita": dhana potofu kuhusu kipimo cha chembe nyekundu

"Damu ya mama imebaki sita." Kauli hii naisikia mara kwa mara kwenye dirisha la maabara, na wengi wanaoitoa wanaamini ni lita sita, au chupa sita, zilizosalia mwilini. Sivyo. Sita ile ni gramu za himoglobini katika kila desilita ya damu. Ni hali ya hatari kweli, lakini mishipa ya mama inaweza kuwa imejaa vilevile. Kilichopungua ni kile kinachobeba oksijeni.

Mstari wa RBC kwenye karatasi hiyohiyo ya majibu unahesabu kitu kingine: chembe nyekundu zenyewe, ndani ya mikrolita moja, yaani kitone kidogo mno. Mwanaume mzima mwenye afya huwa na takriban milioni 4.5 hadi 5.9, mwanamke takriban milioni 4 hadi 5.2. Karatasi haiandiki neno milioni, inaandika 4.5 tu. Linganisha na viwango vilivyochapwa kando ya jibu lako, si na karatasi ya jirani aliyepimwa kwingine.

Dhana: chembe zikiwa nyingi, damu ni nzuri.
Hapa ndipo watu wanapodanganyika zaidi. Aliyeharisha na kutapika siku mbili atapanda hesabu kwa sababu maji ya damu yamepungua, si kwa sababu ameongeza chembe. Mvutaji sigara hupanda. Mkazi wa nyanda za juu, Njombe au Eldoret, hupanda pia: hewa ya huko ina oksijeni haba, figo zinatoa amri, uboho (kiwanda cha chembe kilicho ndani ya mifupa) unazalisha zaidi. Mara chache uboho wenyewe huharibika ukazalisha bila breki, damu ikawa nzito na kuganda ovyo.

Tazama karatasi hii ya mfano ya mwanamke wa pwani: RBC 5.7, HB (himoglobini) 11.6, MCV 68. Chembe ni nyingi kupita kiwango, ila himoglobini iko chini ya 12 inayotakiwa kwa mwanamke asiye mjamzito. MCV ndiyo inayofumbua fumbo. Ni ukubwa wa chembe, na kawaida huwa kati ya 80 na 100. Chembe zake ni nyingi lakini ndogo. Sura hii humfanya daktari afikirie talasemia, hitilafu ya kurithi inayopunguza utengenezaji wa himoglobini, ile nyepesi iliyoenea sana pwani ya Kenya. Akipewa vidonge vya madini ya chuma bila kupimwa akiba ya chuma mwilini, huenda akavimeza miaka na hesabu isibadilike. Ndiyo maana nakereka mtu anaposomewa namba moja tu na kuruhusiwa aondoke.

Dhana: herufi H (juu ya kiwango) au L (chini ya kiwango) ni ugonjwa.
Viwango hupangwa vikiwakumbatia watu 95 kati ya 100 wenye afya. Watano waliobaki ni wazima, ila wako nje ya mstari. Mjamzito naye hushuka kidogo, kwa sababu maji ya damu huongezeka kwa karibu nusu huku chembe zikiongezeka kwa kasi ndogo. Kwake HB inayotakiwa ni kuanzia 11.

Dhana: kipimo hiki kinaonyesha malaria, selimundu na VVU.
Hapana. Kila kimoja kina kipimo chake. Wala huhitaji kufunga kula kabla ya kuchotwa damu.

Dhana: rosela na bitiruti hupandisha damu kwa siku tatu.
Wekundu wa juisi si wekundu wa damu. Chembe huishi siku 120 hivi na uboho huzitengeneza taratibu, kwa hiyo tunahesabu wiki. Kwanza itafutwe sababu: minyoo ya safura, hedhi nzito, kidonda cha tumbo kinachovuja. Maini na dagaa hutoa chuma ambacho mwili hukipokea kirahisi kuliko kile cha mchicha na matembele. Mboga ukamulie ndimu, na chai uinywe saa moja au mbili baada ya kula, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Ukipewa vidonge vya chuma, choo kitakuwa cheusi. Usiviache kwa hofu hiyo.

Lakini mgonjwa anayehema akiwa amekaa tu, moyo ukimwenda mbio na viganja vimempauka, apelekwe hospitali leo hii, hata kama karatasi ya majibu haijatoka.