Shangazi wa Ng'ambo ya Ruvuma na Fomu ya Upekuzi

Vijana wa Newala na Tandahimba wanaoomba kazi zinazogusa siri za serikali huniuliza mara kwa mara kama katika fomu ya upekuzi, yaani uchunguzi wa mwombaji kabla ya kuaminiwa siri hizo, wamtaje shangazi anayeishi Nangade, Msumbiji, au wamwache ili wasijiharibie. Nawajibu kwamba wamtaje, na ninaomba wazazi nao wawahimize hivyo.

Mto Ruvuma ulifanywa mpaka kwa makubaliano ya Wajerumani na Wareno mwaka 1886, ilhali Wamakonde walikuwa wakiishi kandokando zake zote mbili. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza mwaka 1964 vilivusha familia nyingi kuja kwetu, na baadhi yao hazikurudi tena. Kwa mkoa kama Mtwara, kuwa na ndugu ng'ambo ni jambo la kawaida kabisa, wala si doa.

Anayepekua hatafuti kujua kama una ndugu, bali kama ndugu huyo anaweza kutumiwa kukubana. Marekani wameliandika jambo hili waziwazi katika miongozo yao 13 ya upekuzi iliyoanza kutumika Juni 8, 2017, ambamo mwongozo wa pili unahusu ushawishi wa kigeni. Hupimwa nchi anakoishi ndugu, kazi anayofanya, ukaribu wenu, mali mliyonayo huko, na kama ungelazimika kuchagua kati yake na nchi yako ungeelemea upande gani. Shangazi anayelima mihogo hawi sawa na mjomba aliye ofisa wa jeshi la kigeni, ingawa wote wawili ni damu yako. Uzito huongezeka pia pale ndugu anapoishi penye vita, kwa kuwa mtu aliyeshika silaha anaweza kumtishia yeye ili akupate wewe. Tangu Oktoba 2017, Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ambamo Nangade imo, umekuwa mahali pa namna hiyo.

Kinachowaangusha watu, kwa maoni yangu, ni kuficha. Ndugu aliyetajwa anapimwa kwa hali yake, lakini ndugu aliyefichwa akigundulika, kinachopimwa sasa ni uaminifu wako mwenyewe, na aliyeijua siri hiyo kabla ya mwajiri wako tayari ana kamba ya kukuvutia.

Kwa hiyo andika jina lake kamili, uhusiano wenu, kijiji anachoishi na shughuli yake. Eleza kwamba mlionana msibani mwaka jana na kwamba ulimtumia fedha za matibabu, kama ndivyo ilivyokuwa. Usipojua tarehe, sema huijui, usibuni. Na ukishaajiriwa, kisha ukaposa ng'ambo au kaka yako akahamia Pemba ya Msumbiji, mwarifu mkuu wako wa kazi mapema, kabla habari hiyo haijamfikia kwa mdomo wa mtu mwingine.