"Dirisha Liko Wazi": Maswali Tunayoulizwa Kuhusu Sigara Katika Maeneo ya Umma

Tangu baridi ya Juni iingie hapa Mbeya, benchi la kusubiria daktari limejaa watoto wanaokohoa na watu wazima ambao hawajawahi kushika sigara maishani mwao, lakini vifua vinawabana kama vya wavutaji wa miaka mingi. Ninapouliza kama kuna anayevuta nyumbani au kazini, jibu ninalopewa ni lilelile: "Yupo, lakini dirisha huwa wazi." Maswali yafuatayo yametoka kwa wagonjwa wenyewe.

Kwa nini Serikali imwingilie mtu anayevuta sigara aliyoinunua kwa fedha yake?

Sigara ni yake, ila moshi ukishatoka unaingia katika mapafu ya kila aliyepo. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 iliweka mipaka ya kuvuta sigara katika maeneo ya umma, vikiwamo vituo vya afya na vyombo vya usafiri, na ikakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao kifungu chake cha 8 kinazitaka nchi kuwakinga watu na moshi wa tumbaku kazini, katika usafiri wa umma na ndani ya majengo ya umma. Majirani zetu wa Uganda, kwa sheria yao ya mwaka 2015, wamekwenda mbali zaidi: haruhusiwi mtu kuvuta hata akiwa nje, ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma.

Moshi wa mtu mwingine ni upi hasa?

Ni ule unaofuka kwenye ncha ya sigara inayoungua, pamoja na ule anaoupuliza mvutaji. Una kemikali zaidi ya 7,000, na takribani 70 kati ya hizo husababisha saratani.

Baa ninayofanyia kazi ina madirisha makubwa. Si moshi wote unatoka?

Hapana. Dirisha halitoi moshi wote, feni inauzungusha tu ndani ya chumba, na hakuna kiasi cha moshi wa sigara kinachojulikana kuwa salama kwa anayeuvuta. Isitoshe, sisi wa nyanda za juu tunajuana: usiku wa Julai dirisha hilo "kubwa" huachwa wazi kwa upana wa kiganja, kwa sababu mteja wa meza ya karibu analalamika kuwa anapigwa na baridi.

Siku moja nilimpokea mhudumu wa baa aliyekuja na kikohozi na maumivu ya kifua. Alipofungua kitenge alichojitanda mabegani ili nimsikilize mapafu, harufu ya sigara ikajaa chumba kizima, ingawa alikuwa ametoka zamu tangu usiku wa juzi yake. Hajawahi kuvuta hata moja. Mtu asiyevuta anayeishi au kufanya kazi katikati ya moshi huo anaongezewa uwezekano wa kupata ugonjwa wa moyo kwa asilimia 25 hadi 30, na saratani ya mapafu kwa asilimia 20 hadi 30. Madirisha ya baa yake, nakuhakikishia, yalikuwa wazi.

Sisi tumetenga kona ya wavutaji ndani ya ukumbi. Hiyo je?

Hapana. Mboga huitii chumvi upande mmoja wa sufuria ukategemea upande wa pili ubaki bila chumvi. Ni kweli kwamba sheria yetu imeacha nafasi ya kutenga maeneo ya kuvutia, lakini kona iliyo chini ya paa moja na wateja wengine, pasipo hata ukuta, inamfariji mwenye ukumbi tu. Wavutaji watengewe mahali nje, mbali na mlango, kwa maana wakikusanyika mlangoni moshi unarudi ndani kila mlango unapofunguliwa.

Dereva wa Coaster huvuta huku ametoa mkono nje ya dirisha. Kuna ubaya gani?

Dirisha tena! Mkono uko nje, lakini mdomo uko ndani, na gari likiwa katika mwendo upepo huurudisha moshi kwa abiria wa viti vya nyuma, akiwamo mama aliyembeba mtoto mgongoni kutoka Tukuyu. Mwambie kondakta kwa sauti ambayo abiria wengine wataisikia. Wengi huwa wanakereka na kunyamaza.

Mbona moshi wa kuni ni mwingi zaidi, na bibi zetu wamezeeka nao?

Moshi wa kuni nao unaharibu mapafu, na wapo mabibi wengi ambao hawakuzeeka nao, ila hao hatuwaoni ili tuwahesabu. Kila mtu huku anajua kwamba jiko la mkaa halilazwi chumbani kwa sababu ya kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu. Hewa hiyohiyo imo katika moshi wa sigara, japo kwa kiasi kidogo.

Mtoto wangu anakohoa na baba yake anavuta sebuleni. Nisubiri baridi ipungue?

Usisubiri. Baridi ya Mbeya haimfanyi mtoto apumue kwa kuhema. Mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima: zikifika 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, au 40 na zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, mlete siku hiyohiyo. Ukiona kifua kinabonyea ndani kila anapovuta hewa, au ameshindwa kunyonya, mlete saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Tangawizi na mafuta ya kupaka kifuani vimewachelewesha watoto wengi mno. Wanaletwa siku ya nne wakiwa na nimonia, na mama ananieleza kwa utulivu kabisa kwamba baba huvuta akiwa amefungua dirisha.

Baba avute nje, na avue koti kabla ya kumpakata mtoto, kwa kuwa sumu ya moshi hubaki katika nguo. Akitaka kuacha kabisa, aje tuzungumze, hatutamgombeza.

Na mimi mtu mzima, nikohoe kwa muda gani ndipo nije?

Wiki 2. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi usikiite "cha sigara" wala "cha baridi", kwa sababu kinaweza kuwa kifua kikuu, na uvutaji wa sigara huongeza uwezekano wa kukipata. Kipimo cha makohozi na dawa zake ni bure katika vituo vya Serikali.