Fomu Iko Mezani kwa Msimamizi: Mipaka na Kofia Mbili katika Kazi ya Ustawi wa Jamii

Mwanafunzi wa ustawi wa jamii yuko kwenye mafunzo kwa vitendo, zimebaki wiki chache amalize. Fomu yake ya tathmini iko mezani kwa msimamizi, bado haijajazwa. Msimamizi ni mama mkarimu anayependwa na ofisi nzima. Siku moja anamwambia, "Mwanangu, Jumamosi nina ugeni nyumbani, njoo unisaidie kuangalia watoto." Kijana anajibu, "Sawa, mama." Jumamosi inayofuata anaitwa tena. Baada ya hapo haitwi, anategemewa tu. Na msimamizi, kwa moyo mweupe kabisa, anaanza kumsifia kwa wenzake kuwa hajapata mwanafunzi mzuri kama huyu. Mwanafunzi wa pili aliyepangiwa ofisi hiyohiyo, ambaye siku za mapumziko ana majukumu yake, anaanza kujiuliza amekosea wapi.

Hakuna aliyelazimishwa wala aliyetukanwa, na hakuna fedha iliyotoka mfukoni mwa mtu. Lakini tayari kuna jambo limeharibika. Wa kwanza hana tena uwezo wa kusema hapana, maana fomu ile iko mezani na wote wawili wanaijua. Wa pili anapimwa kwa kitu ambacho si kazi. Msimamizi naye hawezi tena kuona kasoro za kijana anayemlelea watoto, na kasoro hizo zitawafikia wateja.

Kwenye fani yetu hali hii huitwa uhusiano wa kofia mbili. Watu waliokutanishwa na kazi wanakuwa na uhusiano mwingine juu ya ule wa kazi: urafiki, undugu, deni, biashara, mapenzi, hata kuwa waumini wa nyumba moja ya ibada. Kofia ya pili inaweza kuvaliwa kabla ya kazi kuanza, katikati yake, au baada ya jalada kufungwa. Umma unaposikia habari za maadili yetu, hufikiria afisa na mteja, na ni sawa, kwani huko ndiko madhara makubwa yanakoonekana. Mimi nasisitiza kiti cha msimamizi, kwa sababu mfanyakazi hujifunza mipaka kwa namna anavyotendewa na anayemsimamia, zaidi kuliko anavyoisoma darasani. Anayetumwa na msimamizi wake bila haya hatashtuka siku atakapomtuma mteja.

Uhusiano huu wa kuakisiana uliandikwa zamani. Mwaka 1955 Harold Searles, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alieleza kwamba yale yanayotokea kati ya mtoa huduma na mteja huingia chumba cha usimamizi na kujirudia pale bila wahusika kutambua. Wasimamizi wazoefu wanalijua hili. Mfanyakazi aliyezidiwa na mteja mwenye kung'ang'ania huja kwa msimamizi naye akiwa anang'ang'ania. Njia hiyo inapitika pande zote mbili, na kinachofanyika kwenye usimamizi hushuka hadi kwa mteja.

Kiini cha yote ni madaraka. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii anaandika taarifa inayosomwa mahakamani kuhusu mtoto akae na nani. Anapendekeza familia ipewe msaada au isipewe. Anajua kwamba baba amewahi kufungwa, kwamba binti alitoa mimba, kwamba bibi anasahau majina ya wajukuu. Mteja yeye hajui lolote la mfanyakazi. Katika hali kama hiyo ridhaa ya mteja haina uzito ule tunaoupa ridhaa ya kawaida, na ndiyo maana jukumu la kulinda mpaka liko kwa mwenye madaraka peke yake. Mteja akiomba urafiki, akileta zawadi, akitongoza, hajavunja maadili yoyote. Maadili yale si yake. Afisa ndiye anayepaswa kujibu kwa upole na kuubakisha mpaka mahali pake. Vivyo hivyo kwa anayesimamiwa.

Kanuni zimeliweka hili wazi. Chama cha kitaifa cha wafanyakazi wa ustawi wa jamii cha Marekani, kinachojulikana kwa kifupi NASW, kilipitisha kanuni zake za kwanza mwaka 1960, na zinazotumika sasa msingi wake ni zile za 1996 zilizorekebishwa mara kadhaa. Zinakataza uhusiano wa kofia mbili na mteja wa sasa au wa zamani pale penye hatari ya kumnyonya au kumdhuru. Kisha zinaongeza sentensi ambayo wengi huiruka: pale uhusiano huo usipoepukika, mfanyakazi achukue hatua za kumlinda mteja na aweke mipaka iliyo wazi, inayofaa na inayoheshimu utamaduni. Na katika sehemu ya usimamizi katazo hilohilo linarudiwa karibu neno kwa neno, safari hii likimlinda anayesimamiwa. Waliolirudia walikuwa na sababu.

Kwa hiyo si kila kofia mbili ni kosa. Mwaka 1993 madaktari wawili wa akili, Thomas Gutheil na Glen Gabbard, walitofautisha kuvuka mpaka na kuuvunja. Kuvuka ni kutoka kidogo nje ya desturi ya kazi bila kumdhuru mteja, na pengine kwa faida yake. Kuvunja ni pale mteja anapoumia au anapotumiwa. Mfanyakazi anayehudhuria mahafali ya kijana aliyemsaidia kurudi shule, kwa dakika chache na kwa ruhusa ya ofisi, amevuka. Anayemkopesha kijana huyo fedha zake mwenyewe yuko mahali pengine kabisa, hata kama nia ni njema, kwa sababu kesho kijana atakwepa miadi akiona haya ya deni, na huduma itakufa.

Nia njema ndiyo inayotusumbua kuliko uovu. Frederic Reamer, mwalimu wa ustawi wa jamii wa Marekani aliyeandika sana juu ya mipaka, aliyapanga masuala haya katika makundi matano: mahusiano ya kimapenzi, kutafuta manufaa binafsi, mahitaji ya kihisia ya mfanyakazi mwenyewe, vitendo vya ukarimu, na matukio yasiyotarajiwa. Ukarimu umepewa kundi zima. Mwovu anajua anachokifanya na hujificha. Mkarimu hajifichi, anajivunia, na hakuna anayemwuliza. Anampa mteja namba yake ya simu binafsi, anapokea simu usiku wa manane, anamkaribisha nyumbani. Siku anapochoka na kunyamaza, mteja anaachwa mara ya pili katika maisha yake, safari hii na mtu aliyeahidi kwamba hataondoka.

Pasipo na mjadala

Mapenzi na mteja wa sasa ni marufuku, iwe kwa hiari au kwa shinikizo. Kanuni nilizozitaja zinasema hivyo bila kuacha mlango wazi, na zinamzuia mfanyakazi pia kuwa na uhusiano huo na ndugu au watu wa karibu wa mteja pale unapoweza kumdhuru mteja. Mteja wa zamani naye yumo kwenye katazo. Mfanyakazi akidai kuna sababu ya kipekee, yeye ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuna aliyenyonywa. Pia hapaswi kumpa huduma ya ushauri wa kitaalamu mtu aliyewahi kuwa mpenzi wake. Msimamizi na anayemsimamia, mwalimu na mwanafunzi wake wa mafunzo kwa vitendo, wanaingia humohumo. Katika mashirika ya misaada kuna waraka wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2003, unaokataza kubadilishana fedha, ajira, bidhaa au huduma kwa ngono, na unaokataza ngono na yeyote aliye chini ya miaka 18, hata kama mhusika anadai hakujua umri wake.

Nalisema hili kwa wasomaji walio wateja au jamaa za wateja: ukiambiwa na afisa kwamba "tunapendana, hili ni letu wawili", hilo si lenu wawili. Una haki ya kulipeleka kwa mkuu wake au kwenye chombo kinachosimamia taaluma, na huna kosa hata kama wewe ndiye uliyeanza.

Mahali penye ugumu wa kweli

Msimamizi ana kazi tatu, kama alivyozieleza Alfred Kadushin, mwalimu wa ustawi wa jamii wa Marekani, mwaka 1976: kusimamia utendaji, kufundisha, na kumtia nguvu mfanyakazi ili kazi isimvunje. Ugumu uko kwenye kazi ya tatu inapogusana na ya kwanza. Chukua mfanyakazi aliyefiwa na mama yake mwezi uliopita. Amepangiwa kumtembelea mgonjwa anayekaribia kufa, na katikati ya kueleza ziara hiyo analia. Msimamizi afanye nini?

Kwanza asikimbilie daftari. Akae, amwache alie, ampe pole. Halafu aulize linaloihusu kazi: "Ulipokuwa kwa mgonjwa, lilikujia hivi?" "Kuna siku umeahirisha kwenda?" "Nikupunguzie kesi za aina hii kwa muda?" Hapo yuko ndani ya kazi yake. Akianza kuuliza mama alikuwaje, walikosana lini, utoto ulikuwaje, na kupanga kukutana kila wiki kuyazungumza hayo, amegeuka mshauri nasaha wa mtu ambaye mwisho wa mwaka atamwandikia tathmini. Mfanyakazi atakuwa amemwaga moyo wake mbele ya mtu anayeamua kama atapandishwa cheo. Huzuni ile inastahili msaada kamili, na msaada huo utafutwe kwa mtu mwingine asiye na kalamu ya tathmini.

Ofisi nyingine hutenganisha watu: mmoja anasimamia utendaji, mwingine anaongoza mazungumzo ya kitaaluma. Naupenda mpango huo, ila najua ofisi nyingi hazina watu wa kutosha. Pale kofia zote zinapokaa kichwani kwa mtu mmoja, lililo muhimu ni kusema siku ya kwanza, kwa maandishi, ni mambo gani ya mazungumzo yatabaki baina yao, yapi yataingia kwenye tathmini, na yapi lazima yaripotiwe juu, kama vile hatari kwa mtoto. Mtu akijua hayo mapema anachagua mwenyewe cha kusema.

Ugumu mwingine uko kwenye jamii ndogo, ambako kila mtu anamjua kila mtu: mteja ndiye fundi wako, na mtoto wake anasoma darasa moja na wako. Kumwambia mfanyakazi wa huko aepuke kofia mbili ni kumwambia aache kazi. Kinachosaidia ni kulizungumza kabla halijatokea. Katika kikao cha kwanza anaweza kusema: "Tutakutana nje ya hapa. Sitakuita kwa jina wala kukusogelea kabla wewe hujanisalimia, ili watu wasiulize tunajuana vipi. Ukinisalimia nitaitikia kama jirani. Mambo ya hapa tutayaacha hapa." Ni maneno machache, na wateja wengi huonekana wakishusha pumzi wanapoyasikia. Fundi anaweza kuendelea kutengeneza, kwa bei ile ile anayotoza wengine, na ikiwa yupo fundi mwingine ni bora kazi iende kwake. Ikiwa mteja ni ndugu wa damu, jalada lihamie kwa afisa mwingine.

Zawadi nazo zina utata wake. Tamko la kimataifa la misingi ya maadili ya kazi yetu, lililopitishwa Dublin mwaka 2018, linakiri kwamba katika baadhi ya tamaduni kutoa na kupokea zawadi ndogo ni sehemu ya maisha na ya kazi, na linataka kanuni za nchi husika zilieleze hilo. Naona ni msimamo wa busara. Kukataa kitu kidogo alichotengeneza mteja kwa mikono yake kunaweza kuwa dharau. Kipokewe, kiandikwe kwenye jalada, msimamizi aambiwe. Fedha, au kitu kilichomgharimu mteja kujinyima, kirudishwe kwa heshima.

Na simu. Marekebisho ya NASW ya mwaka 2017 yaliongeza mambo mengi ya teknolojia, likiwemo moja linalowashangaza vijana: kumtafuta mteja kwenye intaneti bila ridhaa yake ni kumwingilia faragha, ila pale panapohitajika kumlinda yeye au mtu mwingine na hatari kubwa, au kwa sababu nyingine nzito ya kitaaluma. Maombi ya urafiki mitandaoni yasikubaliwe, na mteja aelezwe sababu ili asidhani amedharauliwa. Msimamizi pia afikirie mara mbili kabla ya kuwa rafiki wa mtandaoni wa anaowasimamia. Kundi la WhatsApp la kazi libaki la kazi.

Kwa mfanyakazi asiyejua kama amefika ukingoni, kipimo ninachokipendekeza ni jalada. Je, jambo hili ungeliandika, kwa tarehe na kwa maelezo kamili, na kuliweka pale ambapo msimamizi, mteja na mkaguzi wataweza kulisoma? Ukisita, lipeleke kwa mtu mwingine mwenye ujuzi leo, kabla halijakua. Mwanafunzi anayeombwa kulea watoto wa msimamizi anaweza kusema, "Mama, chuo kimetuambia tusifanye kazi za binafsi kwa wasimamizi wetu," na chuo kiwe kimesema hivyo kweli, kwa maandishi, kabla ya mafunzo kuanza. Kiwe pia kimempa jina la mwalimu wa kumpigia simu, na njia ya kufanyiwa tathmini na mtu mwingine endapo jibu hilo litampa shida.