Daftari jipya halifuti deni: ributi ni nini hasa

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye kibanda cha fundi simu pale Kaloleni, Arusha, nikisubiri simu yangu ibadilishwe kioo. Vijana wawili wanaosoma katuni za Kimarekani walikuwa wanabishana kwenye benchi. Mmoja, ambaye ananiita kaka tangu akiwa sekondari, alisema Legion of Super-Heroes, katuni ya kikosi cha vijana mashujaa, imefanyiwa ributi mara saba au nane, ndiyo maana hata kuianza hataki. Mwenzake akasema zinafika kumi. Nikawasikiliza wakihesabu, nikagundua kwamba kila walipokumbuka toleo lenye namba 1 kwenye jalada, waliongeza kidole.

Nimelisikia neno hili likitumiwa hivyo mara nyingi mno. Mwandishi akibadilika, ributi. Mavazi ya shujaa yakibadilika, ributi. Aliyekufa akirudi, ributi. Redioni nimesikia hata baraza la mawaziri likipanguliwa wanasema limefanyiwa ributi.

Ributi ni pale wenye hadithi wanapoifuta historia ya wahusika wao na kuisimulia tena tangu mwanzo, kana kwamba ile ya kwanza haikutokea. Maana yake ni hiyo tu. Uzito wote umekaa kwenye neno "haikutokea", na hapo ndipo watu wanapotelezea. Kosa lenyewe, nadhani, lilizaliwa na safari ya neno hili kabla halijafika kwenye katuni.

Asili yake ni buti, hilihili la mguuni. Aliyewahi kupanda Meru au Kilimanjaro amewaona wagumu, wale wabeba mizigo, asubuhi wakivaa viatu vyao: nyuma, juu ya kisigino, kuna kitanzi kidogo cha kuvutia buti liingie. Wanaozungumza Kiingereza wana usemi wa mtu kujiinua kutoka ardhini kwa kuvuta vitanzi vya mabuti yake mwenyewe. Zamani walilisema hilo kwa jambo lisilowezekana, maana unavuta na wewe ndiye mzigo. Kompyuta zilipokuja, katika miaka ya 1950, wataalamu wakajikuta mbele ya fumbo hilohilo. Mashine ikiwashwa haijui chochote. Ili isome programu, inahitaji programu ya kuifundisha kusoma. Wakatatua kwa kuipa kwanza programu fupi sana, maagizo machache tu, ambayo kazi yake ni kuvuta ile kubwa iingie. Programu hiyo fupi wakaipa jina la kile kitanzi. Miaka ikapita, jina likakatwa likabaki buti peke yake, na kufanya hivyo mara ya pili kukawa ributi.

Sasa angalia kinachotokea kwenye mashine. Ukiifanyia ributi kompyuta au simu, picha zako zipo, namba za watu zipo, meseji zipo. Kinachopotea ni kile tu kilichokuwa wazi mezani wakati ule. Mafundi wetu wanaita kurestati: zima, washa, endelea. Kuflashi ni jambo jingine kabisa. Kabla ya kuflashi fundi mwenye adabu atakuuliza, "Kuna vitu vyako humu ndani unavihitaji?" Anauliza kwa sababu simu itarudi kama ilivyotoka kiwandani, haikujui wala haijawahi kukujua.

Wasomaji wa katuni wa Marekani walichukua neno la kurestati wakalipa maana ya kuflashi. Kijana wa Kaloleni anayejua ributi kwa njia ya simu yake analiona ni jambo jepesi la kuzima na kuwasha, kisha analipeleka neno hilo jepesi kwenye katuni na kulibandika kila mahali palipozimwa na kuwashwa. Kiswahili cha kibandani kimeyatenga mambo haya mawili vizuri kuliko Kiingereza cha wapenzi wa katuni. Lau wangetuuliza, tungewaambia waseme Legion imeflashiwa.

Na imeflashiwa kweli, ila si mara kumi. Kikosi hiki kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1958, katika Adventure Comics namba 247, hadithi ya Otto Binder iliyochorwa na Al Plastino. Vijana watatu wa karne ya 30 wanarudi nyuma ya wakati kumtafuta Superboy, yaani Superman alipokuwa kijana. Ni Cosmic Boy, Saturn Girl, na yule ambaye baadaye tulizoea kumwita Lightning Lad. Hadithi iliendelea miaka zaidi ya thelathini bila kufutwa. Lightning Lad alikufa na kufufuka mwaka huohuo wa 1963. Jim Shooter alianza kuiandika akiwa mvulana wa miaka 14, mwaka 1966, na mwaka uliofuata Ferro Lad akafa. Wanachama waliingia, waliondoka, walioana. Hakuna ributi hapo, hata moja.

Mwaka 1989 likatoka toleo jipya, namba 1, likiandikwa na Keith Giffen pamoja na Tom na Mary Bierbaum. Hadithi imeruka miaka mitano mbele. Kikosi kimevunjika, watu wamechoka, wengine wana makovu, hata majina yao ya kishujaa wameyaweka pembeni. Ukifungua ukurasa wa kwanza unahisi umeingia dunia nyingine. Toleo hili ndilo linalohesabiwa ributi kuliko yote, na ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu uzito wake wote unategemea kwamba hawa ni walewale. Makovu yana maana kwa kuwa unamjua mwenye nayo tangu alipokuwa kijana. Ukiiita ributi umemnyang'anya msomaji mpya kitu chenyewe alichofuata.

Fikiria daftari la madeni dukani kwa Mangi. Likijaa, Mangi ananunua jingine. Anaandika juu yake tarehe mpya, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza. Je, deni lako la sukari na unga limefutika? Analihamisha, na mara nyingi ndilo linaloandikwa la kwanza. Namba 1 mpya ni daftari jipya. Kampuni za katuni hulifungua kwa sababu ya biashara: msomaji mgeni akiona namba 361 anaogopa, akiona 1 ananunua. Ributi ni pale Mangi anapokutazama usoni asikujue.

Ushahidi kwamba namba haina kauli hapa upo ndani ya Legion yenyewe. Ributi yake ya kwanza ya kweli, mwaka 1994, haikuanza na namba 1. Katika namba 61 kikosi cha zamani kilitoweka, mwezi uliofuata likatoka toleo la namba sifuri, na baada ya hapo wakaendelea na 62 kana kwamba daftari ni lilelile. Lakini ndani ya 62 vijana wale ndio kwanza wanaanza. Garth Ranzz, aliyekuwa Lightning Lad, sasa anaitwa Live Wire, na kifo cha 1963 hakimhusu. Daftari lilelile, deni limefutwa. Basi anayehesabu namba 1 ataikosa ributi iliyo kubwa kuliko zote.

Kuna jambo la tatu linalochanganywa na haya mawili, nalo linaitwa retikoni. Hili kwetu ni rahisi kulieleza, kwa kuwa tuna neno lake tangu zamani: kumbe. Retikoni ni mwandishi kurudi nyuma na kusema kumbe. Yale uliyosoma yalitokea, ila hukuambiwa yote. Mwaka 1986 John Byrne alisimulia upya maisha ya Superman, na katika masimulizi hayo Superman hakuwahi kuwa shujaa utotoni. Legion ikabaki na shimo: kama Superboy hakuwepo, wale vijana watatu walimfuata nani? Mwaka 1987 likaja jibu. Kumbe Superboy waliyekuwa wakicheza naye alitoka katika ulimwengu mdogo wa pembeni, uliotengenezwa na adui yao Time Trapper. Ni kumbe nzito, na si kila msomaji aliipenda, lakini inaheshimu yaliyopita. Inayaeleza, haiyafuti.

Na mhusika akipigwa kichwani akasahau maisha yake, hiyo nayo si ributi. Yalitokea, yeye ndiye hayakumbuki. Siku moja atakumbuka na hadithi itapata utamu. Katika ributi hakuna cha kukumbuka.

Sisi wa Arusha tuna mfano wetu unaokaribia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ya mwaka 1967, ilikuwa na makao yake hapahapa, na ikavunjika mwaka 1977. Mali zake zikagawanywa. Tarehe 30 Novemba 1999 Kenya, Uganda na Tanzania zikasaini hapa mkataba mpya. Jina lilelile, nchi zilezile tatu, mji uleule. Tangu hapo Rwanda na Burundi zimeingia mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024, na hakuna aliyesema kwamba kila mgeni alipokaribishwa Jumuiya ilianza upya. Kikosi kikipata wanachama wapya ni hivyohivyo. Lakini hata mwaka 1999 siwezi kuuita ributi kamili, kwa sababu mkataba wenyewe unaitaja Jumuiya ya kwanza na kuvunjika kwake. Jumuiya ya pili inajua kwamba kulikuwa na ya kwanza. Live Wire hajui kwamba kulikuwa na Lightning Lad.

Ributi ya pili ya Legion ilikuja mwishoni mwa 2004, kwa Mark Waid na Barry Kitson, na humo vijana wanaasi dunia iliyotulia kupita kiasi chini ya wazee. Wasomaji, kwa kuwa hiki kilikuwa kikosi cha tatu, waliligeuza neno: ributi ikawa thributi, kutokana na thrii, yaani tatu. Ya tatu ni ya 2019, ya Brian Michael Bendis na mchoraji Ryan Sook, ambamo Superboy ni Jon Kent, mtoto wa Superman. Katikati ya hizo mbili, mwaka 2007, kilirudi kikosi kinachofanana sana na kile cha zamani, chenye umri mkubwa na majina yaleyale, na wasomaji wakaiita retrobuti. Mimi siihesabu. Ile ni kumbe kubwa: kumbe wale wa mwanzo walikuwepo, na baadhi ya mambo yao hayakuwa kama tulivyoyajua. Mwaka 2008 vikosi vitatu vikakutanishwa katika hadithi moja ya Geoff Johns iliyochorwa na George Pérez, na kila kimoja kikapewa dunia yake. Wapo wanaosema basi hakuna kilichofutwa. Nawaelewa, lakini kumpa mtu dunia yake hakumfanyi awe yule wa kwanza. Garth wa 2004 bado si yule aliyekufa mwaka 1963.

Fundi alipomaliza kioo, wale vijana walikuwa bado wanabishana, wamefika tisa. Nikamwambia yule anayeniita kaka, "Mdogo wangu, ni tatu. Ya 1994, ya 2004, ya 2019. Ile ya 1989 itoe, ni walewale wamekuwa watu wazima."

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo kaka, ile ya 1989 nikiisoma sitaelewa kitu?"

"Utaelewa, ila itakuuma nusu."

"Na ya kuanza nayo bila kujua ya nyuma?"

Nikamwambia aitafute sifuri ya 1994.